UZI: Mbu anakomaa ndani ya wiki moja au mbili, sisi tunasafisha mara moja kwa mwezi. Tujadili mazalia ya mbu mitaani kwetu

Mwanzisha uzi

Wanajamvi, heshima kwenu nyote.

Kila masika yanapokaribia, mitaa mingi ya Dar es Salaam hutangaza siku ya usafi. Watu hutoka na makoleo, mitaro huzibuliwa, makopo hukusanywa, mwenyekiti wa serikali ya mtaa hushukuru, na kazi huishia hapo hadi litoke tangazo jingine. Mimi ni mjumbe wa kamati ya afya katika mtaa mmoja wa Temeke. Nimeshiriki shughuli hizi kwa miaka kadhaa na ninaziheshimu, lakini naamini kwa dhati kwamba kwa upande wa mbu tunajichosha kwa kufuata kalenda isiyo yake. Serikali ilitenga Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi kuwa siku ya usafi, na kwa taka ngumu utaratibu huo una manufaa. Mbu hahitaji mwezi mzima. Katika joto la pwani, yai lililotagwa dimbwini huanguliwa baada ya siku mbili au tatu, kiluwiluwi hupita hatua nne za kukua, kisha huwa buu asiyekula chochote, na ndani ya siku 7 hadi 14 tangu yai litagwe mbu kamili huruka. Kati ya Jumamosi moja ya usafi na inayofuata, dimbwi moja lililosahaulika nyuma ya karakana linaweza kutoa mbu mara mbili au tatu.

Hoja yangu ni kwamba kuzuia mazalia kunapaswa kuwa kazi ya kila wiki, katika eneo dogo ambalo mipaka yake inajulikana, chini ya mtu ambaye majirani wanamfahamu na ambaye anaweza kuulizwa. Yakikosekana hayo, hata dawa nzuri itapotea bure.

Historia inaliunga mkono jambo hili. Mwaka 1930 mbu wa Kiafrika wa kundi la Anopheles gambiae aligunduliwa Natal, kaskazini-mashariki mwa Brazili, akiwa amevuka Atlantiki kwa vyombo vilivyotoka Afrika Magharibi, na mwaka 1938 alisababisha mlipuko wa malaria ulioua maelfu ya watu. Kampeni iliyoongozwa na Fred Soper wa Wakfu wa Rockefeller ilimwondoa kabisa katika nchi ile kufikia mwaka 1940, wakati dawa ya kuua wadudu ya DDT ilikuwa haijafika huko. Silaha yao kubwa ilikuwa unga wenye sumu ya arseniki uliotupwa kwenye madimbwi, jambo ambalo leo hakuna mtu mwenye akili timamu angelipendekeza. Lakini utaratibu wao ndio ninaotaka tuutazame: kila mkaguzi alikuwa na eneo lake lililochorwa ramani, alilipitia kila wiki kwa njia iliyopangwa, na nyuma yake alifuata msimamizi wa kuhakiki alichokiacha.

Nasi hapa tuna uzoefu wetu wenyewe, na nashangaa jinsi unavyotajwa mara chache. Kuanzia mwaka 1988 hadi 1996 mradi uliofadhiliwa na Japani ulifanya kazi ya kudhibiti malaria katika miji ya Dar es Salaam na Tanga, ikiwemo kazi ya mitaro. Mwaka 2004 Dar es Salaam ikaanzisha Mpango wa Kudhibiti Malaria Mjini katika kata 15 za Ilala, Temeke na Kinondoni. Mwaka 2006 unyunyizaji wa dawa ya kibiolojia ya kuua viluwiluwi, inayotokana na bakteria, ukaanza katika kata tatu, yaani Buguruni, Mikocheni na Kurasini. Wanyunyizaji na wakaguzi walikuwa wakazi wa maeneo hayo hayo, wakilipwa posho ndogo, na kila mmoja alikabidhiwa mashina yake, maana mpango ulijengwa juu ya mfumo wa balozi wa nyumba kumi ambao kila Mtanzania anaujua, ingawa mjini shina moja huwa na nyumba nyingi kuliko kumi. Ramani zilichorwa kwa mkono na wakazi pamoja na wajumbe wa mashina, kisha zikalinganishwa na picha za angani ili kuona ni vipande gani vya ardhi vimeachwa bila mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watoto wadogo katika kata zilizonyunyiziwa walipata maambukizi machache kwa kiasi kikubwa, na kwamba kinga hiyo haikupungua ile ya kulala ndani ya chandarua chenye dawa.

Napenda pia kueleza udhaifu uliogunduliwa, kwa sababu ndio unaotufundisha zaidi. Wahakiki walipopita nyuma ya wakaguzi wa jamii, walikuta kwamba wakaguzi walikuwa wameandika takriban theluthi mbili tu ya maeneo yenye maji, na kwamba viluwiluwi vya mbu wa malaria havikuonwa katika sehemu kubwa ya maji yaliyokuwa navyo. Viwanja vilivyozungushiwa uzio vilikuwa kikwazo kikubwa, kwa kuwa mkaguzi alifika getini, akabisha, akakosa wa kumfungulia, akaenda zake. Ikaonekana pia kwamba mtu anayelifahamu eneo huona mengi ambayo mgeni hawezi kuyaona. Kwa hiyo watu kuwa na moyo wa kujitolea hakutoshi. Lazima mlango ufunguliwe na mkaguzi awe wa hapo.

Kuhusu dawa, wengi mnakijua kiwanda cha viuadudu cha Kibaha, kilichojengwa kwa ushirikiano na Kuba chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kuzinduliwa mwaka 2015, na mtakumbuka kwamba mwaka 2017 Rais Magufuli aliagiza halmashauri zichukue dawa hizo. Dawa ipo na inatengenezwa nyumbani. Lakini lita moja ya dawa iliyoko stoo ya halmashauri haimdhuru mbu yeyote mpaka apatikane mtu wa kuifikisha kwenye dimbwi lililoko nyuma ya nyumba fulani siku ya Alhamisi, na Alhamisi inayofuata, na inayofuata tena.

Naomba wenye uzoefu wa mitaa yao, mijini na vijijini, watueleze kilichofanya kazi na kilichoshindikana.

Mchangiaji, Kinondoni

Mkuu, umeandika vizuri, lakini naona uzi wako unawabebesha wananchi mzigo ambao si wao. Dimbwi kubwa kuliko yote mtaani kwetu linatokana na bomba linalovuja, na limekuwepo kiangazi na masika. Dimbwi la pili liko kwenye mtaro wa barabara uliojengwa ukaishia katikati ya makazi bila mahali pa kumwaga maji. Mkandarasi alipomaliza barabara aliacha mashimo alikochimba kifusi, na sasa yana magugu na vyura. Ukiniambia nimwage maji ya kopo uani kwangu wakati nyuma ya ukuta kuna bwawa la mita ishirini, nitakuona unanionea. Tukubaliane kwanza kwamba yale makubwa ni ya mamlaka zinazohusika.

Mwanzisha uzi

Mkuu, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, na nakushukuru kwa kulisema wazi. Maji yaliyotuama mitaani kwetu yana wenyewe wa aina tatu. Yapo ya kaya, kama pipa, dumu lililokatwa, gata lililoziba kwa majani, na sahani ya chini ya chungu cha maua. Yapo ya taasisi, kama mtaro wa barabara, bomba linalovuja, msingi wa jengo lililosimama, na tangi la shule. Halafu yapo yasiyo na mwenyewe, na hayo ndiyo yanayobaki miaka nenda rudi, kwa sababu kila mmoja anamtazama mwenzake.

Tofauti ninayoiona ni kwamba wananchi wanaweza kufanya jambo hata kwenye yale ya taasisi, nalo ni kuyaandika. Katika mtaa wetu tumeanzisha daftari la mazalia. Kila dimbwi la kudumu lina ukurasa wake, na humo huandikwa mahali lilipo, chanzo cha maji, nani ameambiwa, tarehe gani, na jibu lilikuwa nini. Barua inayosema kwamba mtaa una mbu wengi huwekwa kando, lakini barua inayotaja mtaro fulani, ikiwa na nakala ya kurasa za wiki kadhaa mfululizo, saini ya mtendaji na muhuri wa serikali ya mtaa, huwa vigumu zaidi kwa ofisi kuinyamazia. Si kila barua imejibiwa. Lakini zilizojibiwa zote zilikuwa za namna hii.

Na wakati tunasubiri jibu, dimbwi linanyunyiziwa dawa kila wiki. Kusubiri mkandarasi arudi huku viluwiluwi vinakomaa ni kuwaadhibu watoto wetu kwa kosa lake.

Mchangiaji, Unguja

Assalaam alaykum nyote. Ndugu mwanzisha uzi, umezungumzia malaria, na mimi naomba nikumbushe matende na mabusha, ambayo pwani na visiwani huenezwa hasa na mbu aina ya Culex, yule anayezaliana kwenye maji machafu ya vyoo vya shimo na makaro.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 hapa Unguja, kule Makunduchi, kulifanyika kazi ambayo mpaka leo wataalamu wa mbu duniani huitaja. Vyoo vingi vilikuwa vya shimo lenye maji, na humo mbu walizaliana mfululizo bila kujali masika wala kiangazi. Wakazi walipewa dawa ya kuua vimelea vya matende, na wakati huo huo vyoo vyenye maji vikamwagiwa chembe nyepesi za plastiki nyeupe, mfano wa zile zinazojazwa kwenye maboksi ya televisheni. Chembe hizo huelea na kutanda juu ya maji, kiluwiluwi hakipati nafasi ya kuvuta hewa, na mbu jike hapati mahali pa kutaga. Haziozi, kwa hiyo hukaa kazini kwa miaka. Mbu walipungua sana, na maambukizi ya matende yakaendelea kushuka, wakati penye dawa ya kumeza peke yake yalianza kurudi.

Angalizo moja tu: njia hii inafaa katika shimo lililofungika lisilofurika. Ukizimwaga mtaroni, mvua ya kwanza itazipeleka baharini, na hapo utakuwa umeongeza taka ya plastiki.

Mwanzisha uzi

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Umetufaa sana, na umegusa jambo ambalo wengi hawaliamini, kwamba kelele za usiku na malaria mara nyingi hazitoki kwa mbu wa aina moja. Huku mijini anayetusumbua kwa wingi ni huyo Culex wa makaro. Mwananchi akiona dimbwi la mvua limenyunyiziwa na usiku mbu bado wanavuma, anasema dawa ni maji matupu, kumbe chemba ya jirani haina mfuniko. Tangu mwanzo kazi ya mtaa ilipaswa kuhusisha chemba: kuziba nyufa, kuweka wavu wa mbu kwenye bomba la kupumulia, na kurudisha mfuniko kila baada ya kunyonya maji taka. Mtaa ukiyafanya hayo, watu wanaona tofauti baada ya muda, na imani yao inabaki kwa ajili ya zile kazi ambazo matokeo yake hayaonekani kwa macho.

Mchangiaji, Tanga

Habari za humu. Mimi ni muuguzi, na ningependa kuongeza upande wa homa ya dengi, kwa sababu wengi wanaosoma hapa wanaweza kudhani kwamba wakimaliza madimbwi wamemaliza kazi.

Dar es Salaam ilipata mlipuko mkubwa wa dengi mwaka 2014, kisha mwaka 2019 wagonjwa zaidi ya 6,000 wakathibitishwa nchini, wengi wao wakiwa wa Dar es Salaam, na Tanga nasi tuliguswa. Mbu wa dengi, Aedes aegypti, huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Hapendi dimbwi la matope. Anapenda maji yaliyotulia ndani ya chombo, kama pipa la akiba, tairi, kifuu cha nazi, chupa iliyovunjika, hata kizibo. Mayai yake huyabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukauka yakakaa miezi mingi, kisha yakaanguliwa maji yakiyafikia. Ndiyo sababu kumwaga maji ya pipa hakutoshi. Lazima ukuta wa ndani usuguliwe kwa brashi au kwa gunzi na mchanga, kila wiki, kisha pipa lifunikwe kwa kitambaa kilichokazwa au mfuniko usio na upenyo.

Nawasihi pia tusidanganywe na moshi wa dawa unaopulizwa barabarani wakati wa mlipuko. Unaua mbu wanaoruka saa hiyo, lakini kiluwiluwi kilichoko kwenye pipa hakiguswi, na baada ya siku chache kizazi kipya kimetoka.

Kwa wanaosema jamii haiwezi, kuna utafiti mkubwa uliofanyika Nikaragua na Meksiko, ukachapishwa mwaka 2015, uliohusisha maeneo 150. Katika nusu ya maeneo hayo wananchi walionyeshwa takwimu za mtaa wao wenyewe, wakajadili, kisha kila mtaa ukaamua njia zake bila kutegemea kemikali. Maambukizi mapya ya dengi kwa watoto yalipungua kwa karibu asilimia 30 kuliko katika maeneo mengine. Mimi naona siri ilikuwa pale kwenye kuamua wenyewe.

Mwanzisha uzi

Dada muuguzi, shukrani. Nitaongeza neno moja juu ya mapipa. Watu hawaweki maji ndani kwa kupenda. Wanaweka kwa sababu maji hutoka siku mbili kwa wiki, au hayatoki kabisa. Mkaguzi akija na kumwaga maji ya mama mwenye watoto watano, amemfanya adui wa kazi hii kwa muda mrefu. Sisi tulikubaliana kwamba mkaguzi hana ruhusa ya kumwaga maji ya mtu. Anaweza kusaidia kusugua siku pipa linapokaribia kuisha, na kama familia haina mfuniko, kamati inatafuta kipande cha wavu. Habari njema ni kwamba Aedes kwa kawaida haruki mbali, mara nyingi hubaki ndani ya mita mia moja au mia mbili za mahali alipozaliwa, kwa hiyo shina moja likisimama imara, faida wanaiona wenyewe bila kusubiri kata nzima.

Mchangiaji, Malindi

Hamjambo wenzangu wa ng'ambo ya mpaka. Huku Malindi tuliwahi kuwa na vikundi vya kijamii vya kupambana na mbu vilivyoungana chini ya jina la Punguza Mbu na Malaria Malindi, kwa kushirikiana na watafiti wa taasisi za ICIPE na KEMRI. Vijana walifunzwa kutambua viluwiluwi, kuviripoti, na kutumia dawa ya kibiolojia, na mazalia ya hapa mjini yalikuwa na sura yake, kwa kuwa mengi yalikuwa kwenye mabwawa ya kuogelea ya nyumba za wageni zilizofungwa nje ya msimu wa utalii. Hilo linafanana na jambo la uzio alilolisema mwanzisha uzi. Mwenyewe yuko Ulaya, mlinzi hana ufunguo wa mota, maji yanageuka kijani.

Kisheria sisi tuna Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, yenye sehemu nzima juu ya mbu. Inataka ua usiwe na chupa nzima wala zilizovunjika, visima vifunikwe, na inaruhusu afisa wa afya kuangamiza viluwiluwi popote vinapopatikana. Kwa maoni yangu sheria hiyo inafaa zaidi kwa mwenye jumba lililofungwa kuliko kwa mwenye kibanda. Kwa jirani yako, mazungumzo barazani kwa mzee wa mtaa yanatosha mara nyingi.

Pia nawaomba mumuangalie kwa makini mbu mgeni, Anopheles stephensi, kutoka Asia. Aligunduliwa Jibuti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na mapema mwaka 2023 KEMRI ikatangaza kwamba amepatikana Marsabit hapa Kenya. Huyu hueneza malaria lakini huzaliana kwenye matangi na mapipa mijini. Akifika miji ya pwani, ile desturi ya kugawa kazi, kwamba madimbwi ni ya malaria na mapipa ni ya dengi, haitatusaidia tena.

Mchangiaji, Bonde la Msimbazi

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mkulima wa mchicha na matembele. Kila mradi wa mbu unapokuja, sisi wakulima wa bondeni ndio tunaonyoshewa vidole. Tunaambiwa visima vyetu vya kumwagilia vinafuga mbu, matuta yetu yanatuamisha maji, na mwisho wake tunaambiwa tuondoke. Jiji zima linakula mboga zetu. Mnatushauri nini ambacho hakitatufukuza?

Mwanzisha uzi

Marahaba, ndugu mkulima, na nafurahi umekuja, kwa sababu bila ninyi mjadala huu ungekuwa na pengo. Ni kweli kwamba maji yanayosimama kati ya matuta, pamoja na visima vifupi vya bustani, ni mahali ambapo mbu wa malaria hupenda kutaga, kwa kuwa maji ni safi kiasi na yanapigwa na jua. Lakini kumfukuza mkulima hakuondoi maji. Maji ya ardhini yako juu katika bonde lile, na bustani ikiachwa bila mtu, kisima kinakuwa dimbwi lisilo na mwenyewe, ambalo ni baya zaidi.

Mfano ninaoupenda unatoka Ruhuha, wilaya ya Bugesera nchini Rwanda, ambako wakulima wa mpunga wenyewe walifunzwa kupima na kunyunyiza dawa ya kibiolojia, ile inayojulikana kwa kifupi Bti, kwenye mashamba na mabwawa yao. Mkulima yuko shambani kila siku, anajua maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi, na hakuna mkaguzi wa mtaa anayeweza kumfikia kwa ujuzi huo. Wanyarwanda wana umuganda wao, yaani kazi ya pamoja ya jamii, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kama sisi, lakini kunyunyiza shamba kuliwekwa kwenye ratiba fupi zaidi, na ndivyo inavyotakiwa.

Kwako ningeshauri haya. Futa nyasi na ukoga wa ukingoni mwa kisima, maana viluwiluwi hujificha humo dhidi ya samaki na wadudu wanaowala. Kisima kisichotumika kifukiwe chote, si nusu. Kinachotumika na chenye maji mwaka mzima kinaweza kuwekwa perege wadogo, ambao hula viluwiluwi na baadaye wewe ukawala. Matuta yachimbwe kufuata mteremko ili maji yapite badala ya kusimama, na mahali ambapo haiwezekani, fungua njia ya maji siku moja kila wiki udongo ukauke juu, kwa sababu mayai ya mbu wa malaria hayavumilii ukavu kama yale ya dengi. Dawa ya Kibaha inaweza kutumika palipobaki. Bakteria yake hutoa fuwele ambayo kiluwiluwi huila na utumbo wake ukapasuka. Haimdhuru samaki, nyuki wala mlaji wa mchicha.

Mchangiaji, Kinondoni

Mkuu, swali la mwisho kwangu. Huku kwetu fundi magari hutupatia oili chafu bure, nasi tunaimwaga kwenye mitaro. Inaua kweli. Kwa nini nisumbuke kufuata dawa halmashauri?

Mwanzisha uzi

Mkuu, inaua kwa sababu inatanda juu ya maji na kukiziba kiluwiluwi pumzi, lakini oili ya injini ina metali na mabaki yenye sumu, na mtaro wako unaishia mtoni, mto unamwagilia mchicha wa ndugu yetu hapo juu. Mvua ikinyesha tando hukatika, viluwiluwi vinaendelea, na sumu imebaki udongoni. Naomba sana muache.

Kama dawa inachelewa kufika, anzeni na ukaguzi, kwa sababu hauhitaji fedha na bila huo dawa ikifika hamtajua pa kuipeleka. Chukueni upawa mweupe wenye mpini mrefu, au kopo jeupe mlilolifunga kwenye fimbo. Sogeeni taratibu, jua likiwa mbele yenu, kivuli kisiangukie majini, maana viluwiluwi vikiona kivuli huzama. Choteni ukingoni, si katikati, mara kadhaa kwa kila dimbwi, na kila mara subirini kidogo viibuke. Kiluwiluwi kinachoning'inia kichwa chini, mkia ukiwa na mrija unaogusa uso wa maji, ni cha Culex au Aedes. Kile kinacholala sambamba na uso wa maji, bila mrija, ni cha Anopheles. Mkiwaona wale wenye umbo la koma wanaobiringika, hao ni mabuu. Hawali kitu, kwa hiyo Bti haiwafanyi lolote, na katika siku mbili hivi watakuwa mbu. Dimbwi la namna hiyo, kama ni dogo, limwageni au lifukieni siku hiyo hiyo, na katika daftari liwekeeni alama kwamba wiki iliyopita mkaguzi hakulifikia, ili msimamizi aulize sababu kabla ya mzunguko unaofuata.